Kipupwe cha Dodoma na kuku anayelalia, mi namwachia mwenyewe

Ukimwambia mtu wa Dar kwamba Dodoma kuna baridi anakucheka, yeye anajua jua na vumbi tu. Asa aje mwezi wa saba alale Nala au Ihumwa huko asikie upepo unavyopiga mabati usiku. Mji uko juu, zaidi ya mita 1,100 toka usawa wa bahari, usiku joto linashuka mpaka nyuzi 13 au 14 hivi halafu mchana linapanda kama hakuna kilichotokea. Na ndo msimu huohuo tetea wako anaamua kulalia, kila jirani anayepita ana ushauri wake, dada mtoe huyo kwenye mayai, vifaranga watakufa na baridi.

Simtoi ng'o.

Kuku mwili wake una joto la nyuzi 41 hivi, na akishaamua kulalia manyoya ya tumboni yanapungua ngozi inagusa mayai moja kwa moja. Kifaranga wa siku moja anahitaji nyuzi 32 mpaka 35, wenye bruda, yaani kile chumba cha kulelea vifaranga kwa joto la taa bila mama, wanakesha na balbu wanapandisha wanashusha, umeme ukikatika saa nane usiku wanaanza kukimbizana na jiko la mkaa. Huo mkaa ndani ya banda lililozibwa mi siutaki kabisa, ile hewa yake ya sumu wala haina harufu, unaamka asubuhi umepoteza wote. Mama kuku hakatiki umeme.

Tena vifaranga wenyewe wanajipimia, wakisikia baridi wanaingia chini ya mbawa, wakipata joto wanatoka wanadonoa kidogo wanarudi. Siku mbili za mwanzo ukiona hawali usihangaike, bado wana kile kiini cha yai tumboni.

Kwa hiyo kazi yako we sio joto, kazi yako ni upepo. Wa kwetu huku unatokea mashariki, basi upande huo wa banda ziba na salfeti au turubai kuanzia chini mpaka juu ya kimo cha kuku, huku juu kabisa acha nafasi hewa ipite maana ukiziba kote unyevu na harufu ya kinyesi vinawaletea mafua. Mlango uangalie magharibi. Chini usiwaache kwenye sakafu ya simenti, weka maranda au nyasi kavu za kutosha, na majivu kidogo kwenye kiota kabla hajaanza kulalia, kwa sababu ya utitiri. Kuku anayeliwa na utitiri anasusa mayai hata siku ya 19, karibu kabisa na kutotoa, uchungu wake usiombe.

Mayai nayo punguza. Kiangazi cha joto unaweza kumpa 12 au 13, kipupwe mi nampa 8, akiwa mkubwa sana 10, kwa sababu yai linalochungulia pembeni linapoa, halafu yeye anayazungusha, kwa hiyo kila yai litapata zamu yake ya kupoa. Lakini sababu kubwa sio mayai, ni wiki ya pili na ya tatu baada ya kutotoa. Hapo ndo watu wanapigwa. Vifaranga wameshakua, manyoya bado hayajakamilika, na chini ya mama hawaenei tena wote, wale wa pembeni ndo unawakuta asubuhi wamekakamaa. Ule mtindo wetu wa kukusanya vifaranga wa matetea wawili kumpa mmoja ili mwenzake arudi kutaga haraka, mwezi wa kumi na moja fanya, mwezi wa saba acha. Na kumnyang'anya mama vifaranga mapema ndo usithubutu.

Maji weka kwenye kisahani chenye vijiwe ndani wasilowane, kifaranga aliyelowa kwenye upepo huu hachukui muda. Chakula, kama hujanunua cha vifaranga wape mtama au uwele uliopondwa na mashudu ya alizeti kidogo, na mchwa ukipata, wakiona mchwa wanapigana kabisa. Chanjo ya kideri (Newcastle) ile ya tone la jicho usiiache eti kwa sababu wako na mama, yeye mwenyewe achanjwe kila miezi 3.

Nje siwatoi mpaka jua lishike, kama saa tatu na nusu hivi, kwanza nawafunika na tenga mama akiwa ndani nao maana mwewe wa huku wanajua ratiba kuliko sisi. Wakifika mwezi na nusu hivi mama anaanza kuwadonoa wakimsogelea, hapo ujue anataka kurudi kutaga, mwache awafukuze. Salfeti la mashariki lenyewe silitoi, vumbi la mwezi wa nane nalo lina mambo yake.