Swichi ya boya kwa pampu ya akwaponiki: chagua kwa kufuata maji yanavyozunguka

Mafundi wengi wa Kampala huifahamu swichi ya boya kupitia tangi la juu la nyumba: maji yakipungua pampu inawaka, yakijaa inazima. Ukifunga mpango huohuo kwenye akwaponiki, yaani kufuga samaki na kukuza mimea kwa maji yaleyale, utapata shida, kwa sababu hapa hakuna kisima kinacholeta maji mapya. Ni maji yaleyale yanayozunguka, na kila lita inayopotea kwa jua, kwa majani au kwa bomba linalovuja huonekana mahali pamoja tu, yaani kwenye tangi la chini lenye pampu.

Kwa hiyo boya likae kwenye tangi la chini, si kwenye tangi la samaki. Tangi la samaki lifurike kuelekea kwenye vitanda vya kokoto vyenye mimea, vitanda vimwage kwenye tangi la chini, nayo pampu irudishe maji juu. Bomba likichomoka usiku, pampu itamwaga maji ya tangi la chini hadi boya liikate, na ngege (tilapia) watabaki na maji yao. Ukiweka pampu ndani ya tangi la samaki, boya ndilo linalosimama kati ya samaki na tangi tupu, na boya ni kifaa cha bei rahisi mno kubeba dhamana hiyo.

Madukani kuna aina mbili kuu. Ya kwanza ni boya kubwa la kebo, linaloning'inia na kupinduka. Kontakti zake nyingi, yaani ncha za ndani zinazounganisha na kukata umeme, hubeba ampia 10 au zaidi kwa volti 240, hivyo pampu ndogo unaweza kuiunganisha moja kwa moja. Urefu wa kebo kati ya uzito na boya ndio unaoamua pengo la kuwaka na kuzima: sentimita 10 huleta pengo la kama 15 hadi 20. Lakini linahitaji nafasi ya kupinduka. Ndani ya pipa la lita 200, lenye bomba na pampu tayari, hujibana ukutani na kukwama. Nyaya zake huwa tatu. Rangi usiziamini, pima kwa maltimita ukiwa umeliinua na ukiwa umelishusha.

Ya pili ni boya dogo la kijiti, lenye sumaku ndani. Linakaa popote, na ukiligeuza juu chini kwenye kijiti chake kazi yake inageuka: lililokuwa likiunganisha maji yakipanda sasa huunganisha yakishuka. Udhaifu wake ni kontakti. Nyingi zimeandikwa wati 10 na nusu ampia tu. Pampu inapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya ule wa kawaida, kontakti zinayeyuka na kushikana, na hapo pampu haizimi tena. Boya dogo liwashe rilei (swichi inayovutwa na koili yake kwa umeme mdogo), rilei iwashe pampu. Kwa pampu ya sola ya volti 12, rilei ya gari kutoka soko la vipuri la Kisekka inatosha, na koili yake huvuta kama wati 2. Funga dayodi ya 1N4007, inayopitisha umeme upande mmoja tu, sambamba na koili, mstari wake ukielekea upande chanya, la sivyo cheche za koili zitaila kontakti ya boya taratibu. Rilei hiyo ya gari usiipitishie volti 240. Tafuta iliyoandikwa volti 250 AC, na laini nzima ipite kwenye kinga ya uvujaji wa umeme ya miliampia 30.

Boya moja dogo lina kasoro nyingine: huwasha na kuzima karibu kwenye kimo kilekile. Pampu ya lita 2000 kwa saa hutoa lita 33 kwa dakika, na pipa la lita 200 lililosimama lina takriban lita 2.5 tu kwa kila sentimita. Pampu itakatakata kila baada ya sekunde chache hadi ife. Dawa ni maboya mawili na rilei ya nguzo mbili, yaani yenye kontakti mbili zinazofanya kazi pamoja, ile ya pini nane. Umeme unapita boya la chini kwanza, kisha boya la juu, kisha koili. Kontakti moja ya rilei ifungwe sambamba na boya la juu ili ishikilie koili maji yanaposhuka. Ya pili iendeshe pampu. Tangi la IBC la lita 1000 (lile la plastiki lenye fremu ya chuma) lililokatwa lina kama lita 12 kwa sentimita, kwa hiyo pengo la sentimita 18 ni zaidi ya dakika sita za kusukuma. Hilo linatosha kitanda cha mita 1 kwa 2, ambacho kikijazwa sentimita 25 huchukua kama lita 200 tu, maana kokoto zimekalia nafasi iliyobaki.

Hapa ndipo wengi huanguka. Zima pampu, acha vitanda vimwage vyote, weka alama kwenye kimo cha maji. Boya la juu liwe angalau sentimita 5 chini ya alama hiyo. Likiwa sawa nayo, wiki ya kiangazi ya Januari itapunguza maji, boya halitafikiwa, na pampu itakaa kimya bila kosa lolote kuonekana. Umeme ukikatika na kurudi ni hivyohivyo: rilei imeachia, inasubiri boya la juu.

Pampu ya hewa isipite kwenye boya kamwe. Iwe na laini yake, ikiwezekana na betri. Kambale hupumua hewa ya juu, ngege waliosongamana hawawezi.

Boya liwe la plastiki au chuma cha pua. Shaba nyeupe huachia shaba na zinki ndani ya maji. Dogo livishe bomba la PVC lenye matundu chini na moja juu, kuzuia mawimbi, mizizi na konokono. Viungo vya nyaya vikae juu ya maji, kebo ikipinda chini kabla ya kuingia kwenye kisanduku. Mara moja kwa mwezi shusha boya (yakiwa mawili, lile la chini) kwa mkono pampu ikiwa inafanya kazi; isipozima, lisafishe utelezi kwanza kabla ya kununua jipya.