Kuni mlangoni mwa pango

Kuni zilikuwa zimeshapangwa mlangoni mwa pango, tayari kuwafukiza popo wafe. Magogo makavu chini, majani mabichi juu ili yatoe moshi, na matairi mawili ya lori.

Ilikuwa 2015, Mlima Elgon upande wa Uganda, juu ya Kapchorwa. Mimi nilikulia kambi ya jeshi Mbale. Mwenzangu, Msabaoti wa Kenya, alikuwa amevuka kutoka Kitale. Tulikuwa tunahesabu popo wa matunda pande zote mbili za mlima kwa wakati mmoja, maana wakihama usiku, huku utadhani wamekwisha, kule utadhani wamezaliana. Hesabu ya nchi moja hudanganya.

Mzee mwenye shamba alikuwa amekalia jiwe, fimbo kati ya magoti. Yeye na Msabaoti wangeweza kutumia lugha yao, lakini alichagua Kiswahili ili na mimi nisikie.

"Binti, hao si ndio wenye Marburg, ule ugonjwa hatari wa kutokwa damu? Nina wajukuu. Nisubiri nini?"

Swali la haki kabisa. Karatasi zangu za Kiingereza zilibaki mkobani. Mwenzangu ndiye aliyemsimulia habari za mgodi wa Kitaka, kule Ibanda: 2007 wachimbaji waliugua, baadaye popo wakaangamizwa. Popo wakarudi. 2012 ugonjwa ukazuka tena Ibanda, na popo waliopimwa mgodini walikuwa na virusi kwa asilimia 13 hivi; mwanzoni ilikuwa 5.

"Kumbe kuwaua kuliongeza?"

"Inaelekea hivyo, mzee. Afadhali watu wasiingie pangoni, na tunda lenye alama ya meno lisiliwe."

Hakujibu. Giza lilipoingia tukatega wavu. Nikiwa na glavu na barakoa nikamnasua jike mmoja, mtoto wake kang'ang'ania chuchu. Kwa kawaida huzaa mmoja tu kwa mimba moja, ndiyo maana wakiuawa hawajazi pengo upesi. Jike akapiga ulimi, ta-ta, ta-ta, mlio anaopimia njia gizani.

Mzee, tuliyemweka mbali nyuma ya kamba, akacheka. "Huyu anaswaga ng'ombe!" Kisha, kwa sauti ya chini, akasema babu yake alikuwa akiingiza ng'ombe pangoni humo walambe chumvi.

Akasimama. "Kuni zitakwenda jikoni. Matairi mtayaondoa ninyi."

Tuliyabingirisha mteremko mzima gizani. Moja likanitoroka likaangukia mahindi ya jirani, na fidia nikalipa mimi.