Siku Moja Maishani Mwangu: Kipimajoto cha Mtwara na Marubani wa Jangwani

Saa 11:00 alfajiri. Naamka na adhana ya msikiti wa mtaani kwetu Shangani, na kabla sijanawa uso nimeshakumbuka kwamba leo nina kazi mbili. Ya kwanza ni zamu yangu ya kupima hali ya hewa katika Uwanja wa Ndege wa Mtwara. Ya pili ni ya alasiri: mwalimu mmoja wa fizikia ameniomba niwaeleze wanafunzi wake wa kidato cha tatu kwa nini majeshi ya anga hupenda kuwafundishia marubani wao jangwani, mahali ambapo mtu wa kawaida hapendi hata kupita. Nimelifikiria swali hilo wiki nzima, kwa sababu jibu lake linaanzia kwenye kifaa ninachokishika kila siku.

Saa 11:45. Namkuta dada wa zamu ya usiku akifunga daftari. "Umeamkaje, dada?" "Salama, kaka. Usiku ulikuwa shwari, ila kuna moshi upande wa mashambani." Ni Oktoba, watu wanaokota korosho, na wengine wanachoma mashamba kusubiri mvua. Moshi wa namna hii hupunguza umbali ambao rubani anaweza kuona.

Saa 12:00 kamili asubuhi. Nafungua sanduku la Stevenson, kile kibanda cheupe kinachosimama juu ya miguu minne, chenye kuta za mbao zilizopangwa kwa kulala ili hewa ipite lakini jua lisiguse vipimajoto. Ndani vimesimama viwili bega kwa bega: kimoja kikavu, na kingine ambacho tungi lake limevikwa kitambaa chembamba kinachonyonya maji kutoka katika kikopo; tofauti ya namba zao ndiyo inayonipa unyevu wa hewa. Nainama mpaka jicho langu liwe sawasawa na kichwa cha zebaki, kwa sababu ukisoma kutoka juu au kutoka chini unapata namba isiyo ya kweli. Nasoma kwanza sehemu za kumi za nyuzi, kisha nyuzi nzima, maana joto la mwili wangu linaanza kukisogeza kipimajoto mara tu ninapokikaribia. Miaka yangu ya mwanzo kazini nilipata kukuta kitambaa kile kimekauka, vipimajoto viwili vikasoma namba moja, nami nikaandika unyevu ambao haukuwepo. Ripoti ilisahihishwa kabla haijamdhuru mtu, lakini tangu siku ile kitambaa hukigusa kwa kidole kila nifikapo.

Naongeza mgandamizo wa hewa, upepo, mawingu kwa kipimo cha sehemu nane za anga, kisha naituma METAR, ripoti ambayo kila rubani duniani anaisoma kwa alama zilezile. Hapa ni saa 12 asubuhi, lakini katika ripoti naandika 0300, kwa kuwa marubani wote hutumia saa ya pamoja ya dunia, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu.

Saa 2:30. Ndege ya Dar es Salaam imekuja na kuondoka. Nakunywa chai kwa muhogo wa kuchemsha, huku napitia maelezo yangu ya alasiri.

Kituo ninachotaka wanafunzi wakifahamu zaidi ni Habbaniya, nchini Iraki, kando ya mto Frati, magharibi ya Baghdad. Shule Namba 4 ya Mafunzo ya Urubani ya Jeshi la Anga la Uingereza ilianzishwa Abu Sueir, Misri, mwaka 1921, ikahamishiwa Habbaniya mwaka 1939. Mwishoni mwa Aprili 1941 majeshi ya Iraki yalipanda kwenye uwanda wa juu unaokitazama kituo kutoka kusini na kuelekeza mizinga chini, mahali ambapo kulikuwa na ndege za kufundishia. Waalimu na baadhi ya wanafunzi wao wakazifunga mabomu ndege zilezile za mazoezi, miongoni mwake Hawker Audax, zenye bawa la juu na bawa la chini, na Airspeed Oxford. Kwa kuwa kiwanja kikuu kilikuwa kinaonekana waziwazi na wapiga mizinga, uwanja wa mchezo wa polo uliokuwa ndani ya kituo, uliofichwa na miti na majengo, uligeuzwa kuwa mahali pa kurukia. Tarehe 2 Mei wakaanza kushambulia, wakisaidiwa na ndege za mabomu zilizotoka upande wa Basra, na usiku wa kuamkia tarehe 6 waliowazingira wakaondoka. Sisimulii kisa hiki kwa kusifu vita. Wenyeji wa Iraki walikuwa na sababu zao za kutotaka jeshi la kigeni katika ardhi yao. Nakisimulia kwa sababu kinaonyesha kwamba kituo cha mafunzo, hata kikiwekwa mbali kiasi gani, hakiko nje ya dunia.

Saa 3:00. Napima mvua. Kipimamvua ni kikavu.

Saa 8:00 mchana. Saa hizi za katikati zimepita katika kazi ileile, ripoti baada ya ripoti, na sasa kipimajoto kinasoma nyuzi 31. Nakabidhi zamu na kupanda bodaboda.

Saa 9:15 alasiri. Darasa limejaa, na "shikamoo" zao zinanipokea mlangoni. Naandika ubaoni jina la Edwards, kituo kilichoko jangwa la Mojave, California, ambako Marekani ilihamishia shule yake ya marubani wa majaribio, yaani wale wanaozijaribu ndege mpya, mwaka 1951. Kituo kimekaa kando ya ziwa kavu liitwalo Rogers. Mvua kidogo za majira ya baridi hulifunika kwa maji ya kina kifupi, upepo huyasukuma maji hayo huku na huko juu ya udongo wa mfinyanzi, na yanapokauka huacha uso uliosawazishwa kama sakafu. Juu yake ilichorwa njia ya kutua ndege yenye urefu wa karibu kilomita 12. Rubani anayepata hitilafu ana mahali pa kushukia, na hiyo ndiyo sababu kubwa. Anga safi kwa siku nyingi za mwaka na uchache wa watu chini ndizo sababu nyingine.

Lakini jangwa hudai malipo yake. Hewa ikipata joto hutanuka na kuwa nyepesi, bawa linapata nguvu ndogo ya kuinua, injini inapata hewa haba, na ndege inahitaji kukimbia zaidi ardhini kabla ya kuruka. Edwards iko kama mita 700 juu ya usawa wa bahari, na nyuzi 42 mwezi Julai si jambo geni. Ndiyo maana katika vituo vya namna hii asubuhi na mapema ni saa za thamani, na mwanafunzi hujifunza kukokotoa uzito wa mizigo yake upya kila joto linapopanda.

Msichana wa safu ya nyuma anasimama. "Mzee, kama joto lenyewe ni tatizo, kwa nini wasijifunzie hapa kwetu, penye upepo wa bahari?"

Ni swali zuri kuliko yote niliyojiandaa nayo. Namwambia atazame dirishani: mawingu yamepanda tangu saa 5, moshi wa mashamba umekaa chini yake, na kutoka hapa mpaka Newala kila bonde lina mikorosho na nyumba za watu. Mwanafunzi wa urubani atakosea, hilo halina shaka. Swali ni atakosea juu ya paa la nani.

Hakukaa. Aliomba joto la leo na mgandamizo wa hewa wa kituoni. Nikampa nyuzi 31 na hektopaskali 1000, na kwa upande wa Edwards nyuzi 42 na 932. Akaja ubaoni, akabadilisha nyuzi kuwa kelvini, kipimo cha joto kinachoanzia sifuri halisi, akagawanya mgandamizo kwa joto hilo na kwa namba ya kudumu ya hewa, taratibu, huku wenzake wakimhesabia: Mtwara, hewa ina kilo 1.15 kwa kila mita ya ujazo. Jangwani, kilo 1.03. "Kwa hiyo," alisema akiwa bado ameshika chaki, "wao wanaruka na hewa pungufu kwa sehemu moja katika kumi."

Saa 11:30 jioni nilikuwa bado pale, maana alitaka pia kujua urefu wa njia ya kurukia utaongezeka kwa kiasi gani.