Kisutu cha Bibi

Mwezi uliopita nilianza kuifufua picha ya bibi yangu, ya nyeusi na nyeupe, aliyopigwa akiwa mwari mbele ya mlango wa nakshi hapa Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Picha ilikuwa na mkunjo uliopita shavuni mwake ukaishia kwenye fremu ya mlango. Niliiskani kwa nukta 600 kwa inchi, nikaifungua katika GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha ambayo Spencer Kimball na Peter Mattis waliianza mwaka 1995 wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley.

Shavu halikunisumbua, kwa sababu brashi ya kuponya huazima sehemu isiyoharibika na kuilinganisha na rangi ya mahali inapopakwa. Kwenye nakshi, hata hivyo, brashi hiyohiyo ilinitia hasira: kila ilipokaribia ukingo wa ua na kivuli chake, weusi ulivuja ukachafua ua lote. Nikahamia brashi ya kunakili, ambayo huhamisha kipande kama kilivyo, nikaazima maua ya upande wa pili wa mlango. Heri mchongaji aliyerudia ua lilelile.

Kisha nikaigeuza picha kutoka mfumo wa kijivu kwenda RGB, yaani mfumo wa rangi za nyekundu, kijani na buluu, nikaweka tabaka jipya, kama karatasi angavu juu ya picha, katika hali ya rangi, inayoacha mwanga na kivuli vya tabaka la chini vionekane, na kanga nikaipaka buluu kwa kubahatisha. Tangu toleo la 2.8 la mwaka 2012, amri ya kuhifadhi katika GIMP hutoa faili la XCF, aina ya faili ya GIMP yenyewe, lenye matabaka yote, na anayetaka JPEG, faili la kawaida la picha, hutumia amri nyingine. Mimi nilikuwa miongoni mwa wanaoulalamikia utaratibu huo. Usiku ule nilitoa JPEG tu, programu ikanionya kwamba kazi haijahifadhiwa, nami nikaifunga.

“Mjukuu wangu, hii kanga ya nani?” bibi aliuliza asubuhi. “Mimi nilivaa kisutu.”

Kisutu ni nyekundu, nyeusi na nyeupe. JPEG haina matabaka, na buluu iliyokuwa imevuka hadi vidoleni mwake ilishakuwa ngozi yake. Nilirudi kwenye skani ya awali, mkunjo na yote, nikafanya kazi usiku mara mbili zaidi. Na safari hii nilihifadhi XCF kabla ya doa la kwanza jekundu.