Siku tatu kwenye White Rim: nilivyopanga safari ya magari mawili na mahema

Kwa miaka miwili kaka yangu alikuwa akinitumia picha za makorongo ya Utah, Marekani, kila picha na swali lilelile: "Dada, lini?" Siku moja nikamjibu, mwezi wa kumi. Basi kazi ya kupanga ikawa yangu, maana kwetu anayetaja tarehe ndiye anayeshika daftari. Tulikuwa watu wanne, mimi na mume wangu, kaka na mkewe, na magari mawili. Barabara tuliyoitaka ilikuwa moja tu, White Rim, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Canyonlands.

White Rim ni mzunguko wa kilomita kama 160 kwenye ngazi ya mwamba mweupe, zaidi ya mita 300 chini ya uwanda wa Island in the Sky. Upande mmoja unachungulia bonde la mto Colorado, upande mwingine mto Green. Ilichongwa miaka ya 1950 na watu waliokuwa wakitafuta urani, kabla eneo hilo halijawa hifadhi mwaka 1964. Njiani hakuna maji ya kunywa, hakuna mafuta, hakuna duka, na simu kwa sehemu kubwa haishiki mtandao. Gari likiharibika huko, kulivuta hadi Moab, mji wa karibu, hugharimu zaidi ya dola 1,000. Hiyo ndiyo namba niliyoiandika juu kabisa ya ukurasa wa kwanza.

Nilianzia pabaya. Wiki ya kwanza nzima niliorodhesha vitu: hema, jiko, taa, kamba. Wifi yangu akaisoma orodha mpaka mwisho, akaniuliza, "Wifi, tutalala wapi?" Sikuwa na jibu. White Rim hulali popote unapopapenda. Kuna kambi zilizotengwa, kila moja ina nafasi chache, na bila kibali cha usiku hulali. Kundi moja haliruhusiwi kuzidi watu 15 na magari matatu. Majira ya kuchipua na ya kupukutika majani, joto likiwa la kuvumilika, nafasi huchukuliwa miezi mingi kabla. Mimi nilikuwa na hamu ya kambi ya White Crack, iliyo kwenye ncha ya mwamba na yenye nafasi ya kundi moja tu. Ilikuwa imeshakwenda. Nikapata Murphy usiku wa kwanza na Labyrinth usiku wa pili, tena kwa kusogeza safari siku tano mbele. Kwa bahati siku hizo zikaangukia karibu na mwezi mwandamo, na Canyonlands tangu 2015 inatambulika kimataifa kwa giza la anga lake, kwa hiyo sikusikitika sana.

Kibali kilipopatikana, mambo mengine yote yakajipanga nyuma yake. Nikajua siku ya kwanza inaishia wapi, kwa hiyo nikajua tuondoke saa ngapi, na tubebe maji ya kufika wapi. Laiti ningeanzia hapo.

Kosa la pili lilikuwa kupiga hesabu kwa kilomita. Kilomita 160 kugawa siku tatu, nikaona rahisi kabisa. Mume wangu ndiye aliyenizuia. "Mama, hiyo si lami. Piga hesabu ya saa." Kwenye mawe na miinuko gari huenda kilomita 15 au 20 kwa saa, na hapo hujasimama kupiga picha wala kupisha gari linalokuja. Nikaandika upya: siku ya kwanza saa tano za kuendesha, saa mbili za kusimama, na kufika kambini si zaidi ya saa kumi jioni. Kusimamisha hema gizani, upepo ukivuma, ukiwa umechoka, ndiko watu wanakogombania mambo yasiyo na maana.

Maji yalinichukulia muda kuliko kitu kingine chochote. Hesabu ya jangwani ni lita nne kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupikia. Watu wanne, siku tatu, hizo ni lita 48. Nikaongeza siku moja nzima ya dharura, mvua ikifunga barabara au gari likigoma, kisha nikaongeza ya kunawa na kuosha vyombo. Tukafika lita 80. Lita 80 ni kilo 80, sawa na kubeba mtu mzima wa tano, na kaka alitaka kuyapandisha yote juu ya keria. Nilikataa. Uzito juu ya gari ni hatari kwenye njia inayolalia upande wa bonde. Tukayatia kwenye madumu manne ya lita 20, mawili kila gari, chini sakafuni nyuma ya viti vya mbele, yakafungwa kwa mikanda. Na kamwe yote yasikae kwenye gari moja, kwa sababu dumu moja likipasuka au gari moja likibaki nyuma, upande mwingine haubaki mkavu.

Wiki tatu kabla ya safari tulipakia kila kitu, tukaenda kulala usiku mmoja mahali pa karibu. Hapo ndipo tulipogundua kwamba jeki ya gari la kaka haifiki kwenye ekseli tangu gari hilo lilipoinuliwa juu zaidi, na kwamba pampu ya upepo inayochomekwa kwenye umeme wa gari inaunguza fyuzi. Yote mawili tukayarekebisha kwa utulivu. Ninamsihi kila anayepanga safari kama hii asiuruke usiku huo wa majaribio.

Tairi nilizisoma kama mtihani. Mawe ya kule yana makali, na kinachokatwa mara nyingi ni ubavu wa tairi, mahali pasipozibika. Kila gari lilikuwa na spea ya saizi kamili, na tulikuwa na vifaa vya kuziba pancha, geji na pampu. Tulipofika mwisho wa lami, kabla ya kuteremka Shafer, barabara ya kona kali inayoshukia White Rim, tulipunguza upepo wa tairi kutoka psi 36 hadi 26. Kaka alichuchumaa na geji akihesabu, hewa ikitoka kwa mluzi mrefu, na mimi niliandika namba za tairi zote nane. Tairi laini hulikumbatia jiwe badala ya kulipiga, na abiria wanapumzika mgongo.

Chakula nitakipita haraka: tulipika nyumbani, tukagandisha, tukala kwa mpangilio wa kinachoharibika kwanza. Moto wa kuni hauruhusiwi, kwa hiyo tulibeba jiko la gesi. Mbwa wa kaka alibaki kwa rafiki, kwani kwenye White Rim wanyama wa kufugwa hawaruhusiwi hata ndani ya gari. Takataka zote zinarudi nanyi.

Kuna jambo moja nililisisitiza mpaka wenzangu wakalikariri: gari halitoki barabarani, hata gurudumu moja. Ukipiga magoti ukaangalia udongo wa pembeni utaona vinundu vyeusi, kama mkate ulioungua juu. Ni udongo hai, umeshikwa pamoja na bakteria, kuvu na mwani, nao ndio unaozuia mchanga usipeperuke na unaohifadhi maji ya mvua. Nyayo moja inauvunja, na kujirudisha kwake huchukua miongo. Kwa hiyo kupishana tulifanya kwenye sehemu pana tu, na anayeteremka akimsubiri anayepanda.

Asubuhi ya kuondoka nilipita kwa askari wa hifadhi kuuliza hali ya barabara. Usiruke hatua hii hata kama mbingu ni safi. Mafuriko ya mwaka 2010 yaliibomoa barabara ya kupandia ya Mineral Bottom, ambayo ndiyo ilikuwa njia yetu ya kutokea. Mvua au theluji ikinyesha, kona za Shafer hazipitiki. Tukaambiwa pakavu kote.

Shafer tuliteremka kwa gia ya nguvu, injini ikilishika gari, mguu mbali na breki. Katikati ya kona nilisikia ubaridi kwenye kisigino. Kizibo cha dumu kilikuwa kimelegea kwa mtikisiko, na zulia lilikuwa limelowa chapachapa. Lita sita hivi zilipotea. Tuliposimama pahali tambarare, wifi alikata kipande cha mfuko wa plastiki, akakitandaza mdomoni mwa dumu, akakaza kizibo juu yake. Hakikuvuja tena.

Murphy Hogback ndipo nilipoogopa kweli. Mpando ni mkali kiasi kwamba mbele unaona boneti na mbingu tu. Mume wangu alishuka, akatembea mpaka juu kuhakikisha hakuna gari linaloteremka, akanipungia mkono. Nikapanda polepole bila kusimama. Kambi yetu ilikuwa hapohapo juu, saa kumi kasoro dakika kumi. Usiku baridi ilishuka sana. Jangwa hili linaweza kutofautiana zaidi ya nyuzi 20 kati ya mchana na usiku, na tulilala na soksi mbilimbili, milango ya mahema wazi kwa ajili ya nyota.

Siku ya pili tulipata pancha moja, gari la kaka, tairi la nyuma kulia. Dakika 40 tukawa njiani. Jeki ilifika.

Siku ya tatu tulimaliza kona za Mineral Bottom kabla ya saa sita mchana. Juu kabisa tukasimama kujaza upepo, na wakati pampu ikinguruma nilipima maji yaliyobaki: lita 27. Mafuta ya akiba hatukuyagusa. Nikaandika yote mawili kwenye daftari, na chini yake kaka akachukua kalamu akaandika "White Crack", na mwezi wa safari ijayo.