Kama Mbaraka angefika uzeeni

Mbaraka Mwinshehe, mwimbaji na mpiga gitaa wa dansi wa Morogoro, leo angekuwa amevuka miaka 80. Tangu mchana niko na hesabu hiyo kichwani, na kila nikiirudia nashindwa kuipa sura. Picha zake zote ninazozijua ni za kijana aliyeshika gitaa. Alizaliwa Juni 1944, akafariki Januari 1979 kwa ajali ya gari Mombasa, akiwa na miaka 34. Mimi mwenyewe nimeshampita kwa umri, lakini nikimtaja bado ulimi unamwita mzee.

Aliyenitia kwenye mawazo haya ni mama mdogo. Tulikuwa tunachambua mchicha, redio ipo kwenye kipindi cha zilipendwa, ikapigwa "Shida" ya Mbaraka. Mama mdogo akaacha mchicha mapajani, akasikiliza mpaka magitaa yakachanganya, kisha akasema: "Huyu mwanangu, Mungu angempa umri, angefika mbali sana." Nikamwitikia, kwa sababu ndivyo sote tunavyosema. Baadaye nikajiuliza: mbali wapi? Angepitia njia gani? Mtu unayempenda huwezi kumpa maisha mapya kwa sentensi moja ukaondoka. Inabidi umpe mwaka baada ya mwaka, na kila mwaka uje na mambo yake.

Nianze na yaliyokuwepo. Morogoro Jazz ilianzishwa 1944, mwaka ule ule aliozaliwa yeye. Alijiunga nayo katikati ya miaka ya 1960, na haukupita muda mrefu watu wakawa wanakwenda dansini kwa ajili ya gitaa lake. Mwaka 1970 bendi ikapelekwa Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70 kuiwakilisha Tanzania. Hebu fikiria vijana wa chini ya milima ya Uluguru wanapiga dansi Japani, na Uhuru hata miaka 10 haujatimiza. Mwaka 1973 akaondoka na kuunda bendi yake, Super Volcano. Kwa hiyo kazi yote tunayoililia hadi leo ilifanyika ndani ya miaka isiyofika 15.

Kuhusu lile gitaa sitaki kupita haraka. Santuri za mizunguko 45 zilibeba dakika chache tu kila upande, na wimbo mzima wa dansi haukuenea humo. Kwa hiyo nyimbo nyingi zilikatwa vipande viwili: upande wa kwanza maneno, upande wa pili chemko, yaani magitaa ya kuchezea. Msikilizaji aliinuka, akanyanyua sindano, akageuza sahani, akarudi kukaa. Katika nakala tunazosikiliza leo kwenye simu vipande hivyo vimeunganishwa, lakini mahali pa kugeuzia bado panasikika: sauti zinafifia, kinapita kimya kifupi, halafu magitaa yanaingia yakiwa yameshakolea. Mbaraka hapo ndipo kwake. Hakimbii. Anakamata kifungu kifupi, anakirudia mara nne au tano, na kila mara anabadilisha noti moja tu mwishoni, huku gitaa la kati linashona chini bila kuchoka. Na ukumbuke kwamba aliyeimba upande wa kwanza ni yeye, kwa hiyo upande wa pili anajijibu mwenyewe. Nimesikiliza wapiga solo wengi wa Afrika Mashariki, na sijampata mwingine anayesubiri kiasi kile kabla ya kugusa uzi.

Sasa tuseme Januari ile ya 1979 imepita salama. Gari limefika lilikokuwa linakwenda, yeye ameshuka, amelala, ameamka. Anarudi katika nchi gani?

Anarudi katika nchi iliyo vitani. Majeshi ya Amin yaliingia Kagera Oktoba 1978, na Kampala ilikombolewa Aprili 1979. Kisha inakuja ile miaka ambayo wazazi wetu wakiisimulia wanaanza na foleni: ya sukari, ya sabuni, ya mafuta ya taa. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulikuwa umefungwa tangu Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na haukufunguliwa hadi mwishoni mwa 1983. Kwa mwanamuziki lilikuwa pigo la moja kwa moja. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Bendi zilirekodi Redio Tanzania Dar es Salaam, nyimbo zikapigwa hewani miaka nenda rudi, na aliyetaka sahani ya kushika mkononi na kuuza aliangalia Nairobi. Mbaraka aliuza sana Kenya. Mpaka ukifungwa, nusu ya wasikilizaji wake wanabaki upande wa pili.

Halafu kuna vyombo. Nyuzi za gitaa, vipaza sauti, vyote vilitoka nje, na fedha za kigeni hazikuwepo. Bendi zilizosimama imara miaka ile zilikuwa na mwenyewe mkubwa nyuma yake: chama cha wafanyakazi, jeshi, polisi, shirika la umma. Mlimani Park ilianzishwa 1978, baadaye ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, kwa Kiingereza DDC, na ndiyo maana hadi leo tunasema DDC Mlimani Park. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, ana mshahara, na gitaa ni mali ya shirika. Mbaraka alikuwa ameshaondoka kwenye bendi ya watu mara moja ili awe na ya kwake. Nikijaribu kumwona anapanga foleni ya mshahara mwisho wa mwezi, simwoni. Namwona akiwa na Super Volcano yake na gari bovu, akizunguka Dodoma, Tabora, Mwanza, anapiga kumbi za mikoani ambako kiingilio hakitoshi hata mafuta ya kurudia. Mwaka 1985, International Orchestra Safari Sound ilipojengwa kwa kuwachota wanamuziki wa Mlimani Park, Muhidin Maalim Gurumo akiwa mmoja wao, nina hakika mtu angemfuata Mbaraka pia na bahasha. Angekuwa na miaka 41, ana watoto wanasoma. Pengine angeipokea. Nisingemlaumu hata kidogo.

Mama mdogo alipotaja mbali, nadhani alikuwa na maana ya Ulaya. Hilo nalo nimelipima. Remmy Ongala aliingia Dar es Salaam akitokea Kongo mwaka 1978, kwa hiyo kwa miezi michache yeye na Mbaraka walikuwa wanamuziki wa nchi moja. Miaka 10 baadaye, 1988, Remmy na bendi yake, Super Matimila, walikuwa kwenye jukwaa la WOMAD, tamasha la muziki wa dunia, na 1989 albamu yao ikatoka Uingereza. Mlango ulikuwa umefunguka, na aliyeupita alikuwa mtu aliyeimba shida za wanyonge kwa Kiswahili. Mbaraka alikuwa ameshaimba hizo hizo kabla yake, na alikuwa ameshaiona Japani akiwa na miaka 26 tu. Hapa nampa bila kusita: namweka jukwaani Uingereza, watu wasioelewa neno hata moja wamesimama wakimwangalia vidole. Lakini safari hiyo ni ya wiki chache. Baada yake anarudi nyumbani, na nyumbani kuna miaka ya 1990.

Miaka hiyo ndiyo iliyonifanya nisimame kwa muda nisiandike. Marijani Rajab, Jabali la Muziki, sauti iliyobeba bendi ya Dar International, alifariki 1995 katika hali ngumu, na riziki yake ya mwisho ilikuwa kuuza kanda. Kanda! Mtu ambaye nyimbo zake zilikuwa zinarudufiwa kila kona ya mji bila yeye kupata senti. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilikuja 1999, amekwisha kuzikwa. Gurumo alistaafu 2013 baada ya zaidi ya nusu karne kwenye muziki, na gari alipewa zawadi na Diamond Platnumz, kijana ambaye angeweza kuwa mjukuu wake. Nilifurahi siku ile na niliona uchungu siku ile ile. Mbaraka angekuwa na miaka 69 mwaka huo. Sina sababu yoyote ya kuamini kwamba angekuwa na bahati kuwashinda Marijani na Gurumo.

Ninapofika hapa naona jambo ambalo sikulitarajia. Nimempa Mbaraka miaka 45 ya ziada na sehemu kubwa ya miaka hiyo ni ya taabu, lakini bado nampa. Simtaki kwa ajili ya nyimbo mpya. Namtaka akiwa na vidole vilivyokakamaa, akipiga kitu kile kile taratibu zaidi, na kijana wa gitaa akiwa amekaa mkekani mbele yake. Lebo za santuri zile zinaandika jina la bendi na la mtunzi basi. Nani alipiga gitaa la kati? Nani alipuliza saksafoni? Yeye angetutajia, tena angewataja kwa majina ya utani. Angetuambia pia kwa nini aliondoka Morogoro Jazz, kwa mdomo wake, si kwa masimulizi ya vijiweni.

Na kadiri nilivyozidi kumzeesha ndivyo nilivyogundua kwamba nimeanzia pabaya. Njia ya Mbaraka ilipinda mapema zaidi ya 1979. Ilipinda 1965.

Mwaka huo Morogoro ilimpoteza Salum Abdallah, naye kwa ajali ya gari. Salum alizaliwa 1928. Alikuwa kiongozi wa Cuban Marimba, bendi iliyochukua mapigo ya Kikuba yaliyokuja kwenye santuri na kuyafanya ya Morogoro, na sauti yake laini haijapata mrithi. Watu walimwita SAY, kwa herufi za majina yake, Salum Abdallah Yazidu. Mbaraka alikuwa ndiyo kwanza anaanza kupanda. Juma Kilaza aliishika Cuban Marimba baadaye na akaishika vizuri, sitaki mtu anielewe vibaya. Lakini mkubwa wa mji alikuwa ameondoka. Mji mmoja usio mkubwa, wanamuziki wawili wa kiwango kile, wote wamechukuliwa na barabara, na katikati yao mmoja hakupata muda wa kukua mbele ya macho ya mwenzake.

Tunapenda kumfikiria mwanamuziki kama mti uliojiotea peke yake. Muziki wa dansi haujawahi kuwa hivyo. Bendi ya Msondo na Sikinde, yaani ile Mlimani Park, zimeshindana miaka na miaka, mashabiki wakatukanana, wanamuziki wakahama huku na kule, na hakuna iliyoiua nyingine. Zilinoana. Tanga ilikuwa na Black Star na Lucky Star kwenye taarabu, na kila upande ulitunga ukijua kuna mtu ng'ambo ya mji anasikiliza kwa nia mbaya. Mpinzani mzuri ndiye anayekukataza kurudia wimbo wa mwaka jana.

Kwa hiyo maisha ninayoyapenda kuliko yote niliyoyabuni leo hayana Uingereza wala uzee. Ni Morogoro, 1968. Salum Abdallah yupo hai, ana miaka 40, sauti imekomaa. Mbaraka ana miaka 24 na hana adabu kwenye gitaa. Jumamosi bendi zote mbili zinapiga, na nyumba zinagawanyika: baba anakwenda Cuban Marimba, mwanawe Morogoro Jazz, na kesho yake hawasemeshani mpaka saa ya chakula. Salum anatunga wimbo wa kumrushia kijana vijembe kwa upole ule wake. Kijana anajibu wiki mbili baadaye, na jibu lake lipo upande wa pili wa sahani, halina maneno. Mwaka 1970 Osaka inapata bendi iliyonolewa zaidi. Mwaka 1973 pengine Mbaraka hahami, kwa kuwa mtu haiachi bendi yake wakati mashindano yamemnogea. Asipohama, safari zake ni nyingine, na Januari 1979 inamkuta mahali pengine kabisa. Hapo siwezi kuendelea zaidi, kila tukio jipya linazaa jingine na mimi si mtabiri.

Ila nina maswali, na wapo wanaoweza kuyajibu. Kama kwenu kuna babu au bibi aliyecheza dansi Morogoro kabla ya 1965, mpigie simu, msalimie vizuri, halafu muulize. Salum alikuwa anafungua dansi na wimbo gani? Nani alikuwa kwenye tumba? Na yule kijana mpya wa Morogoro Jazz aliwahi kuonekana kwenye dansi la Cuban Marimba, amekuja kuwasikiliza?