Boliti za Land Rover ya Baba Mdogo

Kabla ya Daraja la Kigamboni kufunguliwa mwaka 2016, Land Rover ya baba mdogo, modeli ya zamani iitwayo 109, ilikuwa ikivuka kwa kivuko cha Magogoni, Dar es Salaam, karibu kila siku, na chumvi iliyoletwa na upepo wa bahari ilipenya kila palipokuwa na chuma kisicho na rangi. Bodi ya aluminiamu ilistahimili. Boliti za springi za nyuma ziliteketea, na siku tulipoipeleka gereji moja ya Gerezani kubadilishwa bushi, yaani mipira yenye bomba la chuma ndani ambamo boliti za springi hupita, nati zake zilikuwa zimevimba kutu hata pembe hazikuonekana.

Baba mdogo alitaka zichomwe kwa gesi yaishe. Fundi, mzee wa maneno machache, alijibu akiwa bado uvunguni: "Bosi, hapo pana mpira. Moto ukifika, bushi itawaka na springi italainika."

Akazisugua kwa brashi ya waya hadi meno ya boliti yaliyochomoza yakang'aa, akayalowesha mafuta ya kulegeza kutu, kisha akaenda zake kunywa chai, na baba mdogo akabaki akiguna. Aliporudi aligonga kichwa cha kila boliti kwa nyundo, mapigo mafupi ya kupasua kutu ili mafuta yapate njia. Akavalisha soketi ya pembe sita, maana ya pembe kumi na mbili huila nati iliyochakaa, na kwa mshangao wangu akaanza kwa kukaza. Ukasikika mlio mkavu kama wa muwa unaovunjwa, vumbi jekundu likadondoka. Tangu hapo alifungua kidogo, akarudisha kidogo, akaongeza mafuta, kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, na ukiisukuma upande mmoja tu hujazana kwenye meno mpaka boliti ikatike.

Moja ilizunguka bila kutoka, kwani ilikuwa imegandana na bomba la chuma lililo ndani ya bushi, na kilichokuwa kikijipinda ni mpira tu. Hiyo hakuibembeleza, aliipitishia msumeno wa chuma kati ya springi na bamba linaloishikilia, pande zote mbili, kwa vile bushi yenyewe ilikuwa ya kutupwa.

Boliti mpya alizipaka grisi mwili mzima, na hakuzikaza moja kwa moja hadi gari liliposimama kwa magurudumu yake, kwa sababu bushi ikikazwa springi ikiwa inaning'inia, mpira hubaki umejipinda na huchanika mapema.